Sura ya Sita: Pikapu ya Uani, Ifufuliwe au Ichinjwe?

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Yombo na Chamazi upande wa Temeke, huwezi kupita mitaa mingi bila kuikuta pikapu iliyopumzishwa. Mara nyingi ni Toyota Hilux ya miaka ya themanini au tisini. Imeegeshwa ubavuni mwa nyumba chini ya mwembe au mwarobaini, matairi yamekwisha upepo, bodi la nyuma limejaa mbao na madumu. Mwenye nyumba atakusimulia habari zake kwa fahari: ndiyo iliyobeba mchanga wa msingi, tofali za kuta na bati za paa, ndiyo iliyopeleka nyanya sokoni Temeke Stereo ikarudi na ada za watoto. Ukimuuliza ataifanyia nini sasa, jibu ni moja: "Nitaitengeneza mwakani."

Mwakani huo unaweza kuchukua muongo mzima. Fundi anapita na kusema, "Mzee, injini hii bado ngumu, tuiamshe." Dalali naye anapita na kutaja bei ya kuichukua ilivyo. Watoto wanataka nafasi ya kujenga vyumba vya kupangisha. Mama anataka iondoke kwa sababu imekuwa makazi ya panya na nyoka. Kila mmoja ana hoja, na pikapu inabaki palepale ikiliwa na kutu.

Sura hii ni ya mtu anayetaka kuamua. Msimamo wangu nautanguliza. Dar es Salaam, kufufua pikapu na kuchinja pikapu ni kazi mbili zinazotegemeana. Hilux ya mwaka 1990 inayokwenda barabarani leo inakwenda kwa sababu nyingine ya rika lake ilifunguliwa ikatoa gia boksi, mlango au difu. Kwa hiyo mwenye pikapu ajiulize: yangu inafaa kupokea, au inafaa kutoa? Jibu linatafutwa kwenye chesisi, kwenye kadi ya gari, kwenye injini na kwenye kazi inayoisubiri, kwa mpangilio huo. Na jibu lolote kati ya hayo mawili ni la heshima kuliko kuiacha ioze.

Zilivyofika, na mafundi walivyozijua

Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968, ikiundwa katika kiwanda cha Hino huko Hamura, Japani. Mwaka huohuo Peugeot walitoa modeli ya 504, ambayo pikapu yake ilikuja baadaye na kupendwa sana Afrika. Kabla ya hapo barabara zetu zilikuwa za Land Rover na malori ya Bedford. Pikapu ya Kijapani ilishinda kwa sababu ya wepesi wake: chesisi imara, injini ya silinda nne isiyo na mambo mengi, springi za majani nyuma, na nafasi ya kutosha chini ya boneti kwa fundi kuingiza mikono yote miwili.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nchi iliingia katika dhiki. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni ziliadimika, na spea zikaadimika pamoja nazo. Gari likikosa pampu ya breki lilisimama, na likikaa muda mrefu lilianza kutoa vitu vyake kwa magari mengine. Katika miaka ile mafundi wetu walisoma somo ambalo halikuwa katika kitabu chochote cha kiwanda: kipi cha gari hili kinaingia katika gari lile, kipi kinahitaji kuchongwa kidogo, kipi hakiwezi kabisa.

Juni 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliposoma bajeti, mlango ulifunguliwa: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha amezipata wapi. Pikapu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa, kwa kuwa chombo kimoja kilibeba mzigo na watu. Daladala zilikuwa zimeruhusiwa mwaka mmoja kabla, 1983, na wenye pikapu waliweka mabenchi mawili yanayotazamana, wakafunika juu, wakapakia abiria. Watu waliziita chai maharage. Miaka ya tisini ikaja na magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakipitia Dubai, na kizazi cha Hilux kilichotoka mwaka 1988 kikajaa mjini.

Historia hii ndiyo inayoeleza kwa nini swali letu lina maana hapa. Fundi wa gereji bubu ya Tandika au Mwananyamala anaifahamu Hilux hiyo kwa kugusa, na duka la spea la Gerezani, Kariakoo au Ilala bado lina vitu vyake, vipya na vilivyotumika. Gari lenye mafundi na spea lina nafasi ya kufufuka. Pikapu ya aina iliyoingia chache, hata ikiwa nzima kuliko Hilux, inaweza kukufunga kwa kukosa kioo kimoja cha mbele. Nchi jirani zina masoko ya namna hii pia: Nairobi wana Grogan, Kampala wana Kisekka. Ng'ambo ya bahari kuna Sharjah, ambako vipuri vilivyotumika hupangwa kwa makontena kuelekea bandari za Afrika, na ambako wafanyabiashara wa spea wa Dar es Salaam huenda kununua. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, uliza madukani: spea za aina yangu zinapatikana? Kama wauza spea watatu wanakutikisia kichwa, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Anza na chesisi

Watu wengi huanza na injini. Wanaazima betri, wanamwaga dizeli mpya, wanapiga stata, na injini ikinguruma wanashangilia na kuamua papo hapo kwamba gari lifufuliwe. Kuunguruma hakuthibitishi kitu. Injini inashushwa na nyingine inapandishwa kwa siku moja. Chesisi ni msingi wa nyumba: ukioza, kuta nzuri na bati jipya havikuokoi.

Chesisi ya Hilux ni reli mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukatisha. Sehemu kubwa ya reli hizo ni bomba la pembe nne, na bomba lina matundu. Kupitia matundu hayo huingia mchanga, tope na maji ya masika, ambayo hukaa ndani bila kukauka. Chuma kikikutana na maji na hewa kinageuka kutu, na maji yenye chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu yanapitisha umeme vizuri zaidi. Ndiyo maana pikapu iliyoishi Kunduchi, Mbweni au Kigamboni, ikivuta upepo wa bahari usiku na mchana, au iliyobeba samaki na chumvi, huwa imeoza zaidi ya mwenzake wa umri uleule aliyeishi Dodoma. Kutu huvimba, hivyo chuma kinaweza kuonekana kinene kwa nje kumbe kimebaki magamba.

Kuikagua hakuhitaji mashine. Inua pikapu kwa jeki, weka magogo imara chini, osha tope lote, kisha lala chini ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi kubwa. Gonga reli kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kwa mlio mkali. Kilichooza kinatoa sauti nzito ya kupwaya. Pale palipopwaya, sukuma bisibisi. Ikizama, umepata ugonjwa. Zingatia sana mahali pa kushikia springi za nyuma, pale reli inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na chini ya kabini inapokalia chesisi. Mahali pa springi ndipo panapobeba uzito wote wa mzigo. Reli ikikatika hapo gari likiwa na mifuko ya saruji, ekseli inakwenda upande na dereva hana la kufanya.

Tundu moja dogo mahali pasipobeba uzito linatibika. Mchomeleaji mzuri atakata kutu yote hadi afikie chuma safi, atachonga kipande cha unene unaolingana, na ataweka kiraka chenye ncha ili mstari wa kuchomelea usikatishe reli kwa wima, maana mstari wa wima ndio unaopasuka. Asiyekata kutu na kubandika bati juu yake ameficha shimo tu. Lakini reli zote mbili zikiwa zimeoza kwenye springi, au chesisi ikiwa imepinda kwa ajali ya zamani, acha kuzungumzia kufufua. Pikapu hiyo ni ya kutoa.

Kadi ya gari

Baada ya chesisi, ingia ndani ukatafute karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Kwenye Hilux namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia, upande wa mbele karibu na gurudumu. Isugue kwa brashi ya waya, isome tarakimu kwa tarakimu, ilinganishe na kadi. Kama namba imeliwa na kutu au hailingani, una gari ambalo polisi wa usalama barabarani wana haki ya kulitilia shaka, na mnunuzi mwenye akili hatalinunua hata likipakwa dhahabu. Namba ya injini hutofautiana mara nyingi kwa sababu injini ilibadilishwa miaka iliyopita na hakuna aliyekwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kurekebisha kumbukumbu. Hilo linarekebishika ukiwa na hati ya kununulia injini ile. Usipokuwa nayo, jiandae kwa safari nyingi.

Swali la pili la kadi ni jina. Pikapu nyingi za uani zina jina la marehemu. Baba alifariki, msiba ukapita, nyumba ikagawanywa, gari likasahauliwa. Hapo hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kulifufua kwa fedha zake wala kulichinja, hata kama ndiye anayeishi katika nyumba hiyo. Linatakiwa kupita mikononi mwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndugu wote wajue. Ugomvi mwingi wa familia huanza pale kaka mkubwa anapouza injini ya gari la mzee bila kumwambia mtu. Kikao cha ndugu kikae kwanza. Bei za spea zitasubiri.

Kuna habari njema katika eneo hili. Zamani gari lililosimama liliendelea kudaiwa ada ya leseni ya kila mwaka, na deni likapita thamani ya chuma chenyewe. Bajeti iliyosomwa Juni 2017 na Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, iliifuta ada hiyo ya mwaka na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lisilotembea halizalishi ada hiyo. Bado, nenda TRA ukiwa na namba ya gari ili ujue lina historia gani kabla hujafungua hata boliti moja.

Injini ni ya tatu

Chesisi ikiwa nzima na kadi ikiwa safi, sasa ongea na fundi wa injini. Hilux nyingi za dizeli za miaka ya themanini na tisini zina injini za familia ya L: 2L yenye sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779, na 5L yenye 2,986. Uzuri wake ni undugu. Mafundi hupandisha 3L au 5L mahali pa 2L bila kubadili mambo mengi, na kwa hiyo 2L iliyokufa haiwi hukumu ya kifo kwa pikapu. Udhaifu wa 2L unajulikana na kila gereji: ikichemka, silinda hedi inapasuka. Pikapu za Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, ni habari nyingine kabisa. Injini hiyo inatafutwa kila mahali Afrika, ikiwa hai au imekufa.

Injini iliyolala miaka haipigwi stata kwanza. Fungua nozeli, mimina mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, iache usiku kucha, kisha zungusha krenki kwa spana kwa mkono. Ikizunguka, shukuru. Ikigoma, usiilazimishe, maana ringi zimeshikana na ukuta wa silinda na nguvu zitavunja. Badilisha taimingi belti kabla ya kuiwasha. Injini za L na 1HZ zinatumia mkanda huo, na mkanda uliokaa miaka kwenye joto hukatika bila kuaga. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na injini iliyokuwa nzima inageuka chuma chakavu kwa sekunde moja.

Ikiwaka, soma moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ringi au valvu zimechoka. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Huenda ni nozeli, huenda ni kichujio cha hewa tu. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na mapovu kwenye rejeta, ni gasketi au hedi. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya maziwa, maji yameingia. Baada ya hapo fundi ataweza kukwambia kama ni matengenezo ya kawaida au ni ovaholi kamili, ya kuchonga krenki na kubadili pistoni. Mwombe aandike orodha yote kwa mkono wake, spea mbali na ufundi mbali, na upeleke orodha hiyo kwa fundi wa pili asiyefahamiana naye. Si kwa kumdharau fundi. Fundi analipwa kwa kufungua, na hawezi kuwa hakimu pekee wa kama gari lifunguliwe.

Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Kufufua pikapu ni mradi, na mradi unaandikwa.

Ukurasa wa kwanza ni wa matumizi. Panga kwa mpangilio wa usalama: chesisi, breki na mabomba yake, usukani na mipira yake, matairi, taa, injini, rejeta, umeme. Bodi na rangi viwe mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume: wanaanza kwa kunyoosha bodi na kupaka puti na rangi kwa sababu ndivyo vinavyoonekana na majirani. Fedha zinakwisha pikapu ikiwa inang'aa na haina breki. Inarudi chini ya mwembe ikiwa na rangi mpya, na mwenye nayo amekwisha kukata tamaa.

Ukurasa wa pili ni wa kazi. Andika kazi unayoijua, yenye mteja unayemjua: kubeba kokoto kutoka Boko, maji kwenda Chamazi kwenye nyumba zinazojengwa, mbogamboga za alfajiri, kreti za soda. Kisha kumbuka kwamba mji umebadilika. Mzigo mdogo sasa unabebwa na guta na pikipiki za miguu mitatu. Mzigo wa kati unabebwa na kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo inayokunywa petroli kidogo na kupenya vichochoroni. Pikapu kubwa ya dizeli inashinda pale penye uzito, mchanga mlaini, mlima au barabara ya shamba: Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo. Kama kazi uliyoandika inaweza kufanywa na kirikuu, mteja wako atampigia mwenye kirikuu.

Ukurasa wa tatu unazikutanisha kurasa mbili za kwanza. Tuchukue mfano. Tuseme matengenezo yote ni shilingi 8,000,000, na pikapu ikitoka itakuachia 40,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva, siku 20 kwa mwezi. Hiyo ni 800,000 kwa mwezi, na fedha yako itarudi baada ya miezi kumi, ikiwa hakuna kilichoharibika. Toa sehemu kwa ajili ya matairi, oili, bima na siku za gereji, na miezi kumi inakuwa kumi na tano au zaidi. Weka namba zako halisi mahali pa hizi. Ukiona marejesho ndani ya miaka miwili na fedha yote unayo au unaona wazi itakakotoka, fufua. Ukiona miaka minne, au nusu ya fedha inategemea "Mungu atafungua njia," pikapu yako ni ya kutoa.

Wapo watakaosema kumbukumbu ya mzee haiwekwi kwenye daftari. Naiheshimu hoja hiyo. Familia ikitaka kuitunza pikapu kwa mapenzi tu, na ina uwezo, ifanye hivyo kwa kauli moja, ikijua kwamba inatunza kumbukumbu na haifanyi biashara. Cuba wameyaweka barabarani magari ya Kimarekani ya miaka ya hamsini kwa zaidi ya miaka sitini, kwanza kwa shida na baadaye kwa fahari. Kinachoumiza ni kuchanganya mambo mawili: kukopa fedha za biashara ili kutimiza mapenzi, kisha kuilaumu pikapu.

Jambo moja zaidi linaingia upande wa kufufua. Kuagiza gari mbadala hakujawa rahisi. Kenya inakataa kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania inaruhusu magari ya zamani, lakini ushuru unaongezeka kadiri gari linavyozeeka. Pikapu iliyokwisha kusajiliwa nchini, yenye chesisi nzima na kadi safi, imekwisha kuvuka gharama hiyo. Hiyo ni thamani ambayo haionekani ukiitazama kwa macho, na dalali anaijua vizuri kuliko mwenye gari.

Kuchinja kwa utaratibu

Ukiamua kutoa, toa kwa utaratibu uleule ambao ungetumia kufufua. Kosa kubwa ni kumwita dalali, kumwachia achukue injini na gia boksi kwa bei ya jumla, halafu kubaki na bodi lisilo na mnunuzi.

Anza na orodha na picha, kila kitu kikiwa bado mahali pake. Mnunuzi wa injini hutoa zaidi akiisikia ikinguruma kuliko akiikuta sakafuni. Peleka habari kwa mafundi wa Hilux katika gereji kadhaa, maana wao ndio wanaojua nani amekwama kwa difu na nani anatafuta milango miwili. Vitu vinavyotoka haraka ni injini, gia boksi, difu, pampu ya dizeli, usukani, milango, vioo, taa na bodi la nyuma. Springi, rejeta na viti hufuata. Matairi na rimu viuze mwisho kabisa: gari lisilo na magurudumu halisukumiki, na utalipa kulibeba. Kama umeanza, maliza ndani ya wiki chache. Pikapu iliyofunguliwa nusu na kuachwa nje hunyonyolewa usiku.

Uza kwa maandishi. Mji huu una historia chungu ya vioo vya pembeni na taa zinazoibwa, kiasi kwamba wenye magari wameandika namba za usajili kwenye vioo na taa zao. Mnunuzi mwaminifu wa Gerezani au Ilala atafurahi kupata hati ya mauziano yenye majina, namba ya chesisi na nakala ya kadi, iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa. Hati hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe. Spea zikishatoka, rudisha kadi na vibao vya namba TRA na uombe gari lifutwe katika usajili. Namba iliyoachwa mikononi mwa watu inaweza kubandikwa kwenye gari lingine, na siku ya tukio jina litakalotafutwa ni lako.

Yanabaki mambo ya ardhi. Oili chafu usiimwage uani. Temeke na Kinondoni watu wengi bado wanachota maji ya visima, na oili inazama kuelekea hukohuko. Iweke kwenye dumu na umpe mkusanyaji. Betri ina risasi na asidi, isivunjwe na watoto. Chuma kinachobaki kina soko, kwani viwanda vyetu vya nondo huyeyusha chuma chakavu. Lakini uza kwa mwenye kibali: chuma chakavu kimo ndani ya kanuni za taka hatarishi, na wanaokikusanya na kukisafirisha wanatakiwa kuwa na ruhusa.

Hata vile visivyoingia katika gari lingine vina kazi. Majani ya springi ni chuma kigumu ambacho wahunzi hukifua kuwa mapanga na visu. Ekseli na rimu huwekwa chini ya mkokoteni. Matairi yaliyochakaa huchongwa kuwa katambuga. Pikapu iliyochinjwa vizuri haiachi chochote cha kutupa isipokuwa kutu na sponji ya viti.

Weka tarehe

Nimesema kuna majibu mawili, na nimesema kuacha gari lioze si mojawapo. Sababu ni ya hesabu. Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, kinachouzika kinapungua: milango inatoboka, mabomba ya breki yanaliwa, pistoni zinashika, panya wanakula nyaya. Pikapu ambayo mwaka jana ingefaa kupokea, mwaka huu inafaa kutoa, na baada ya masika mengine mawili itafaa mizani ya chuma chakavu tu. Wakati huohuo yupo mtu Mbagala ambaye Hilux yake, yenye kazi na wateja, imesimama kwa kukosa difu iliyolala bure Tegeta. Kuchelewa kwako kunamsimamisha yeye pia.

Kwa hiyo weka tarehe kabla ya mvua za masika. Wiki ya kwanza, nyundo na bisibisi kwenye chesisi. Wiki ya pili, kadi, TRA na kikao cha ndugu. Wiki ya tatu, mafundi wawili na orodha mbili. Wiki ya nne, daftari. Ukifika mwisho wa mwezi ukiwa na chesisi nzima, kadi safi, injini inayotibika na kazi inayolipa, ingia gereji ukaanze na breki. Likikosekana moja tu kati ya chesisi, kadi na kazi, na hakuna njia ya karibu ya kulipata, ita mafundi, andika hati, ifungue. Uamuzi wowote kati ya hayo mawili utairudisha pikapu barabarani, yote kwa pamoja au kipande kwa kipande.